Springi ya Tisa ya Kiti cha Kaisari

Alois Wokurka alikuwa mlinzi wa Chumba cha Kumi na Moja katika kasri la Himmelau, mjini Vienna. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na saba bila kukosa, isipokuwa siku alipomzika mama yake na siku alipong'olewa jino. Chumba chenyewe hakikuwa na makuu. Kulikuwa na mapazia mazito, picha ya farasi mweupe aliyenenepa kupita kiasi, saa ya ukutani iliyokufa zamani, na katikati, juu ya jukwaa dogo lililozungushiwa kamba nene ya hariri, palikuwa na kiti.

Kiti hicho cha mbao ya mjozi, chenye mahameli nyekundu na miguu iliyochongwa mfano wa miguu ya simba, ndicho alichokuwa akikalia kaisari mzee, yule wa masharafa ya mashavuni, akisikiliza shida za raia wake. Ndivyo kibao cha maelezo kilivyosema. Kibao kiliongeza kwamba kiti hakijaguswa tangu mwaka 1871, na neno hilo, hakijaguswa, Alois alilichukua kama amri aliyoandikiwa yeye peke yake.

Alikuwa na vikohozi vitatu. Cha kwanza kilikuwa chepesi, kwa ajili ya mgeni aliyeinamia kamba kupita kiasi. Cha pili kilikuwa cha mgeni aliyeanza kunyoosha kidole. Cha tatu alikuwa amekitoa mara mbili tu maishani, na mara ya pili bwana mmoja mnene wa kutoka Salzburg aliangusha miwani yake na kuondoka bila kuiokota. Yeye mwenyewe hakuwahi kukigusa kiti hata kwa ukucha. Vumbi lilipanguswa na wahifadhi waliokuja na brashi laini kila mwezi, naye alisimama kando akiwatazama kama mzazi anayemtazama kinyozi akimnyoa mwanawe. Hakuoa. Dada yake aliyekuwa akiishi Linz alizoea kuwaambia watu kwamba kaka yake ana mke mwenye miguu minne.

Basi, Alhamisi moja ya Novemba, mvua ya manyunyu ikinyesha na wageni wakiwa wachache, aliingia bibi mmoja mfupi aliyevaa koti la sufu la kijani na kofia yenye unyoya. Alikuwa na fimbo. Hakutazama mapazia, hakumtazama farasi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kamba, akaiinua kwa ncha ya fimbo, akapita chini yake kwa wepesi usiolingana na umri wake, akapanda jukwaa, akageuka, akaketi.

Alois alitoa kikohozi cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa mkupuo mmoja, hadi akapaliwa.

"Bibi," alisema alipopata pumzi, "hairuhusiwi kukaa hapo."

"Najua."

"Basi naomba uinuke."

"Nyamaza kidogo, kijana. Nasikiliza."

Alois alikuwa na miaka sitini na minne, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimwita kijana. Akajikuta amemuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, anasikiliza nini.

"Nasikiliza kwa makalio," akasema yule bibi. "Yangu yana kumbukumbu kuliko hao maprofesa wenu wote." Akajisogeza kulia, akatulia. Akajisogeza kushoto, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Ghafla uso ukamwiva. "Ipo," akasema. "Ipo pale pale, mshenzi mkubwa."

Wakati huo kundi la watalii wa Kireno lilikuwa limeingia. Walipomwona bibi mwenye kofia ya unyoya ameketi katika kiti cha enzi, na mlinzi amesimama mbele yake amenywea, waliona kwamba haya ni maonyesho, wakaanza kupiga picha. Mmoja akauliza kwa ishara kama na yeye anaweza kupeleka malalamiko yake. Yule bibi akamwitikia kwa kichwa, kisha akainuka mwenyewe, akaupapasa mkono wa kiti kama mtu anayemtuliza farasi, akapita tena chini ya kamba. Macho yake yalikuwa na machozi.

Kanuni zilimtaka Alois apige simu kwa wakuu wa ulinzi. Machozi yalimvuruga. Alimwomba mwenzake wa Chumba cha Kumi amshikie zamu, akampeleka bibi kwenye chumba cha walinzi, akampa kahawa ya maziwa na andazi lenye jemu ya aprikoti.

Aliitwa Hermine Zwettler, mwenye miaka themanini na minne, fundi wa viti, mkazi wa mtaa wa Ottakring tangu kuzaliwa. Alieleza mambo yake huku sukari ya andazi ikimdondokea kwenye koti.

Mwaka 1950, alisema, alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mwanagenzi katika karakana ya fundi Krejci. Mji ulikuwa umegawanywa kati ya majeshi manne ya kigeni. Jeshi mojawapo lilikuwa limekaa katika kasri la Himmelau, naye hakutaka kusema ni lipi, kwa sababu yote manne, alisema, yalikuwa na makalio mazito sawasawa. Walipohama waliacha kiti cha kaisari kikiwa miguu na mgongo tu. Singa za farasi zilizojazwa ndani zilikuwa zimechomolewa zikajazwa kwenye magodoro, na mahameli haikujulikana ilikokwenda. Kiti kikaletwa kwa Krejci kwa mkokoteni. Vifaa vilikuwa haba. Mahameli ilikatwa kutoka pazia la ukumbi wa michezo uliopigwa bomu, na chini, mahali pa turubai nzuri, waliweka magunia ya unga wa msaada.

Kisha mgongo wa fundi Krejci ukakaza. Akalala chali sakafuni siku tatu, akitoa maagizo kwa kuelekea dari, na kazi ikafanywa na Hermine peke yake. Springi tisa, safu tatu za tatu tatu, kila moja ikifungwa kamba upande huu na upande ule. Nane alizifunga vizuri. Alipofika ya tisa, lori la kasri lilikuwa limekwisha fika na dereva anapiga honi. Akafunga fundo la haraka. Springi ikaegemea kushoto kama mlevi kwenye nguzo ya taa.

"Nilimwambia fundi," alisema. "Akaniambia, acha, nani atakikalia? Kaisari amekwisha kufa. Mimi nikacheka. Nilikuwa mtoto."

Baada ya hapo alitengeneza viti maisha yake yote. Alitengeneza vya migahawa ya kahawa, vya mahakama, vya kumbi za muziki. Nusu ya mji huu, alisema, imekaa juu ya kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchomwa. Hicho kimoja chenye kasoro ndicho kilichowekewa kamba ya hariri na taa. Alivumilia miaka sitini na tisa. Lakini mwaka huu kasri lilibandika mabango mjini, na bango moja lilikuwa mbele ya dirisha la jiko lake. Kila asubuhi akichemsha yai, kiti kinamtazama.

Alois alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kwa sauti aliyoiona si yake, kwamba kiti hakijaguswa tangu mwaka 1871.

"Hata mimi sijaguswa tangu mwaka 1871," akasema Hermine, "ikiwa tunaamini kila kinachoandikwa."

Alikuwa na ombi moja. Aruhusiwe kuinyoosha ile springi. Ni kazi ya siku nne tu, bila malipo.

Usiku huo Alois hakupata usingizi. Si kwamba alimwamini. Alichoogopa ni kule kutokuwa na uhakika. Mtu anayelinda kitu miaka ishirini na saba huwa hajiulizi ndani yake kuna nini, kama vile hajiulizi ndani ya tumbo lake kuna nini. Lakini alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilitaka kila aliyevuka kamba aandikiwe taarifa. Kesho yake akaandika taarifa, ukurasa mmoja, bila kuongeza wala kupunguza: bibi, fimbo, makalio, springi ya tisa, fundo bovu, ombi la kurekebisha.

Taarifa ikapanda ngazi hadi kwa mkuu wa kasri, Diwani wa Kasri Dakta Tassilo Prandstetter. Udiwani wa kasri ni cheo ambacho waliokuwa na haki ya kukitoa walikwisha ondoka na himaya yao miaka mia iliyopita, lakini mjini Vienna vyeo haviendi kaburini na wenyewe. Diwani Prandstetter alikuwa mrefu, mwenye tai ya kipepeo, na mbele ya vioo vya kasri alipunguza mwendo. Alimwita Alois, akamwambia kwamba habari ya bibi ni porojo za uzeeni, asiitilie maanani. Lakini habari ya springi, hiyo ilikuwa jambo zito. Ikiwa ndani ya kiti cha kaisari mna springi iliyoegemea, basi taifa lazima lijue inaegemea kwa sababu gani.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta Sidonie Marchetti, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu, bingwa wa samani za kifalme. Aliletewa mashine ya kupiga picha za ndani, kama zile za hospitali, na kiti kikapigwa picha tano kikiwa kimesimama palepale kwenye jukwaa, kwa kuwa Diwani alikataza kisiguswe wala kupinduliwa. Picha zikaonyesha springi tisa. Nane zimesimama wima. Ya tisa imelala kushoto.

Kamati ikakaa wiki tano, ikatoa ripoti ya kurasa arobaini. Ilithibitisha kwamba springi ya tisa iliegemezwa kwa makusudi, na fundi wa kaisari mwenyewe. Wenye shida walikuwa wakisimama upande wa kushoto wa kiti. Kwa hiyo springi ile ilimwinamisha kaisari kidogo upande wao, ili awasikilize kwa ukaribu. Kamati iliipa jina: Springi ya Huruma.

Diwani alifurahi hadi akasahau kupunguza mwendo mbele ya vioo. Aliagiza kibao kipya. Duka la kasri likaanza kuuza springi ndogo za shaba ndani ya visanduku vya mahameli, na watu wakazinunua kama njugu. Ikapangwa sherehe mwishoni mwa Januari, na kila mfanyakazi akaruhusiwa kualika mgeni mmoja.

Alois alimpelekea Hermine kadi ya mwaliko mkononi, Ottakring, ghorofa ya tatu. Njia nzima alikuwa akipanga namna ya kumweleza yaliyoandikwa kwenye ripoti. Lakini yule bibi alipoiona kadi yenye nembo ya tai wa vichwa viwili alikaa kitako, akauliza: "Kwa hiyo wamekubali?" Alois akatazama dirishani. Bango lilikuwa bado lipo, limelowa mvua. Akasema kwamba sherehe ni saa tano asubuhi, akashuka ngazi haraka kuliko alivyozipanda.

Siku ya sherehe Hermine alikuja na mkoba wake wa kazi. Ndani yake mlikuwa na nyundo yenye sumaku, mabunda mawili ya kamba, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Mlinzi wa mlangoni alitaka kuuzuia mkoba, lakini Alois akamwambia amwache apite. Alipoona vifaa vilivyomo ndani ya mkoba, alijua bibi amekuja kufanya kazi. Aliuchukua, akauweka nyuma ya pazia la Chumba cha Kumi na Moja, akamketisha bibi safu ya pili.

Chumba kilijaa. Alikuwepo mgeni rasmi kutoka wizarani, walikuwepo wafadhili na wake zao, walikuwepo waandishi wa habari. Diwani Prandstetter alizungumza dakika ishirini, na katika dakika hizo himaya ilikufa na kufufuka mara tatu. Kisha Dakta Marchetti akaonyesha ile picha kubwa ukutani, akapitisha fimbo yake juu ya springi iliyolala, akaeleza habari ya huruma ya kaisari kwa sauti yake ya taratibu. Mke wa mfadhili mmoja akatoa leso. Watu wakapiga makofi.

Fimbo ya Hermine ikainuka juu ya vichwa.

"Samahani," akasema. "Hiyo siyo huruma. Hilo ni fundo bovu. Nimelifunga mimi."

Diwani akatabasamu tabasamu lile watu wanalomtabasamia mtoto aliyepanda madhabahuni, akasema kwamba kasri linafurahi sana kuona wazee wetu wanavyolipenda, na akaomba bibi apewe maji. Maji yakaletwa. Hermine akayanywa, kwa kuwa alikuwa na kiu, kisha akaendelea. Akawaambia watazame chini ya kiti. Wavute kitambaa cheusi, watakuta magunia ya unga.

Diwani akasema kiti hakipinduliwi.

"Sijasema mkipindue. Inameni tu."

Hakuna aliyeinama. Mgeni rasmi alitazama saa yake. Mwanamke mwenye leso akamnong'oneza jirani yake kwamba maskini, pengine hana mtu nyumbani. Hermine aliyasikia hayo. Alikuwa mzee lakini masikio yake yalikuwa mazima. Uso wake ukabadilika, akaonekana mdogo ndani ya lile koti la kijani. Akageuka akamtafuta Alois, aliyekuwa amesimama mahali pake pa siku zote, kando ya saa iliyokufa.

"Kijana," akasema polepole, "wewe unaniamini?"

Vichwa vyote vikageuka. Alikuwa na jibu zuri la kiofisi, kwamba mlinzi hana maoni. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini aliona ule mkono uliokuwa umeshika fimbo, vidole vyake vilivyopinda kwa kuvuta kamba za viti miaka yote hiyo, na lile jibu likakataa kutoka.

Akavua kofia ya kazi, akaiweka juu ya saa. Akaenda kwenye kamba ya hariri, akaiinua, akapita. Akapanda jukwaa, akapiga magoti, akalala chali, akajivuta hadi kichwa na mabega yakaingia chini ya kiti cha kaisari. Nje ilibaki miguu yake miwili, na kila mtu akaona kwamba soksi moja ilikuwa imetoboka.

"Wokurka," akasema Diwani. "Toka hapo chini."

"Naam, Mheshimiwa. Nikimaliza."

Alitoa mfukoni kisu chake cha kumenyea matofaa. Kilikuwa kitu cha ajabu, kuugusa ule ubao baada ya miaka yote hiyo, na cha ajabu zaidi ni kwamba ulikuwa ubao tu, wa baridi, wenye vumbi kama wa meza yoyote. Akang'oa msumari mdogo mmoja, wa pili, wa tatu. Kitambaa cheusi kikafunguka pembeni. Akasoma, akasoma tena.

"Wokurka, unafanya nini?"

"Nasoma, Mheshimiwa."

"Unasoma nini?"

Sauti ikatoka chini ya kiti, wazi, neno baada ya neno, kama ya karani mahakamani: "Unga wa ngano. Ratili mia moja. Zawadi kutoka kwa watu wa Amerika. Hauuzwi wala haubadilishwi."

Mgeni rasmi ndiye aliyecheka kwanza. Alijaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, lakini hakuwa na ujuzi wa Alois katika mambo hayo, kikamtoka chote. Waandishi wakafuata, halafu wafadhili, na yule mwenye leso akafuta machozi ya aina nyingine. Diwani Prandstetter alisimama amekauka, tai yake ya kipepeo ikipanda na kushuka.

Aliyewashangaza wote ni Dakta Marchetti. Hakucheka. Alipanda jukwaani, akalala chini kwenye vumbi na gauni lake la hariri, akajivuta hadi kichwa chake kikawa kando ya cha Alois, akalisogeza gunia pembeni, akawasha tochi. Kisha sauti yake ya taratibu ikasema kwamba ni kweli, fundo la tisa lilifungwa haraka, na lilifungwa na mtu anayetumia mkono wa kushoto.

Hermine akainua mkono wake wa kushoto.

"Lakini hizi nane," sauti ikaendelea. "Bibi Zwettler, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitano."

"Sijawahi kuona mafundo mazuri kama haya nane."

Hapo ndipo Hermine alipoketi, akaomba maji mengine.

Kesho yake magazeti yakajaa. Lililouzwa kuliko yote lilichapa miguu ya Alois ukurasa wa mbele, pamoja na tundu la soksi, na dada yake akampigia simu kutoka Linz kumwambia kwamba ameiaibisha familia kwa kukosa uzi na sindano. Diwani alikaa ofisini siku mbili bila kutoka. Siku ya tatu akatoka akisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na ile ripoti, na kwamba kiti kinachobeba kaisari na unga wa msaada kwa wakati mmoja ni hazina kubwa kuliko kiti cha kaisari peke yake. Huenda hata aliamini hivyo, kwa sababu foleni ya wageni ilikuwa imefika hadi barabarani.

Alikubali Hermine afanye kazi, na akataka aifanye mchana, mbele ya wageni. Lakini akatoa sharti. Springi ya tisa iachwe ilivyo. Watu wameizoea, alisema, na duka limeagiza springi nyingine elfu mbili.

"Haiwezekani," akasema Hermine.

"Bibi, ile sasa ni sehemu ya historia."

"Mheshimiwa, kosa langu si mali ya taifa."

Walibishana siku nzima, yeye ameketi, Diwani amesimama. Ikabidi Dakta Marchetti aingilie. Akapendekeza gunia la unga liwekwe kwenye kisanduku cha kioo pamoja na picha ya springi ilivyokuwa, na springi yenyewe inyooshwe. Diwani akauliza kama duka linaweza kuuza magunia madogo. Alipoambiwa linaweza, akatia saini.

Kwa hiyo siku nne za Februari Hermine alikaa ndani ya kamba ya hariri kwenye kigoda, kiti kimepinduliwa mbele yake miguu juu, misumari midogo imejaa mdomoni. Wageni walikuwa wanapita kimyakimya. Alois alisimama mahali pake. Kila mgeni alipoikaribia kamba Alois alitoa kikohozi cha kwanza, na kila alipokitoa Hermine alimwambia, kwa mdomo uliojaa misumari, aache kumkoholea shingoni. Alimtuma kushika kamba, alimtuma kuchambua singa za farasi, akamgombeza kwa kuzichambua kama mtu anayechagua mchele. Siku ya pili Alois alikuwa anajua kufunga fundo la pande nane, lile linaloishika springi kutoka kila upande. Siku ya tatu alilifunga moja, Hermine akalifungua, akalifunga upya.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, msumari wa mwisho wa shaba uliingia. Kiti kilisimamishwa. Kwa macho hakikuwa na tofauti yoyote na siku zote, na Mreno mmoja aliyekuwa amesubiri saa mbili alionekana amevunjika moyo.

"Haya, kaa," Hermine akamwambia Alois.

Alois akapanda jukwaa. Akageuka, akaanza kukunja magoti. Alifika nusu. Hapo magoti yakakataa katakata, akabaki amening'inia kati ya kusimama na kukaa, amekodoa macho, mikono imeshika hewa. Wageni wakasubiri. Akajaribu tena, na mara ya pili hakufika hata nusu.

"Siwezi, mama," akasema. "Nisamehe. Mwili umezoea kukataa."

Hermine hakumcheka. Alimtazama tu, kisha akamtazama Diwani aliyekuwa amefika kushuhudia. Diwani hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alipangusa suruali, akapanda, akaketi. Uso wake, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukijiandaa kwa ajili ya kiti hicho, ukachukua utulivu wa uso uliochorwa kwenye sarafu. Akajisogeza kulia. Akajisogeza kushoto. Akasubiri. Uso ukaanza kuonyesha wasiwasi.

"Vipi?" akauliza Hermine.

"Sisikii kitu," akasema Diwani.

Hermine akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Walipofunga kasri, yeye na Alois walikwenda kula katika mgahawa mdogo nyuma ya bustani. Hermine aliagiza mchuzi wa nyama wenye matonge ya maini, akaumaliza wote, akaagiza na mkate wa kukombea bakuli. Alilalamika kwamba chumvi ni nyingi na kwamba mhudumu ana kiburi. Halafu, katikati ya hadithi ya mgongo wa fundi Krejci, akasinzia palepale, kofia ikimteleza usoni, mkoba wa vifaa mapajani.

Mhudumu akaja akauliza kwa sauti ya chini kama wanahitaji kitu kingine. Alois akamwambia amletee bilauri ya divai nyeupe, na asiwe na haraka. Akainyoosha ile kofia yenye unyoya isimwangukie bibi kwenye bakuli, akaegemea ukuta, akaendelea kukaa.